Mashine Iliyovikwa Atlasi

Mwaka ule wa themanini na sita, ungemuuliza mtu yeyote wa Malindi kompyuta iko wapi, asingekupeleka posta wala benki. Angekufikisha kwenye nyumba ya mawe nyuma ya soko, ilipokuwa ofisi ya mradi wa maji, akuonyeshe dirisha, kisha akwambie kwa sauti ya chini kana kwamba ndani mna mgonjwa: "Imo humo. Na anayeiamuru ni mtoto wa kike."

Huyo mtoto wa kike ni Mastura, na kwa kweli alikuwa amekwisha kupita umri wa kuitwa mtoto, na ulimi wake ulikuwa umepita zaidi. Alikuwa amekwenda Nairobi kusomea kompyuta, akarudi na cheti, miwani na majivuno, na majivuno hayo alistahili kuwa nayo. Mashine aliyokabidhiwa haikuwa ya kuchezea. Ilikuwa sanduku zito la chuma lenye kimo cha meza, na ndani yake mlikuwa na Unix, mfumo ule ambao ukiuandikia neno moja fupi unatenda papo hapo, na ukikosea herufi moja unakujibu kwa ufidhuli. Mastura alipenda ufidhuli ule. Alisema angalau huyu akikasirika hazungukizunguki.

Kazi ya mashine ilikuwa visima. Mradi ulikuwa na visima vingi upande wa bara, na chini ya visima vile maji matamu na maji ya chumvi yalikuwa yakigombania nafasi. Ukivuta kisima kimoja kupita kiasi, chumvi inapanda, na watu wa kijiji kizima wanapika chai isiyonyweka. Basi kila asubuhi mafundi wa pampu walileta vipimo vyao, Mastura akaviingiza, mashine ikapiga hesabu, na alasiri ikachapisha pampu ipi iwashwe, kwa saa ngapi, na ipi ipumzishwe. Kijiji cha Kakuyuni kilikuwa kimekunywa maji matamu mwaka mzima kwa sababu ya hesabu hizo.

Kisha mashine ikaanza kuanguka. Asubuhi ilikuwa nzima, mchana nzima, na jua likishapinda kidogo, saa nane hivi, skrini inaganda, herufi zinabaki zimekodoa macho, na ukibonyeza chochote ni kama unagonga mlango wa nyumba iliyohamwa. Kuiwasha tena ilikuwa shughuli, maana lazima kwanza ikague diski zake zote, na mara nyingi ilianguka kabla haijamaliza. Vijiji vikaanza kusubiri. Fundi Kitsao, aliyekuwa akiziangalia pampu za Kakuyuni, akawa anakaa barazani pa ofisi mpaka magharibi, halafu anarudi kwao mikono mitupu akawashe pampu kwa kubahatisha.

Nairobi walimtuma fundi wao, Musyoka, kijana mrefu wa Machakos ambaye ndiye aliyemfundisha Mastura mwanzoni. Alikuja mara kadhaa. Kila alipokuja aliifungua mashine, akaipiga brashi, akaipima, akakaa nayo mchana kutwa, na mashine ikatulia kama mtoto aliyeona mgeni. Akiondoka, kesho yake inaanguka. Mwishowe wakubwa wakachoka. Jumatatu moja Musyoka alipiga simu, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeleta habari za msiba.

"Mastura, wamekata kauli. Wiki ijayo, Jumatatu, ninakuja na pikapu. Mashine inarudi Nairobi. Nyinyi mtakuwa mnatuma vipimo kwa basi, sisi tunawarudishia majibu."

"Kwa basi!" Mastura alisimama. "Chumvi itasubiri basi?"

"Sikiza. Kwanza ni joto. Hiyo Malindi yenu ni jiko. Pili prosesa imechoka. Ule ubongo wake, kasi imepungua, ndiyo maana inakwama. Hapa tuna chumba cha baridi."

"Umeipima hiyo kasi?"

"Wakubwa ndio wamesema."

Mastura aliiweka simu chini kwa nguvu, kengele yake ikalia. Meneja wa mradi, Bwana Stambuli, mzee mpole aliyekuwa akiogopa mashine na Mastura kwa kiasi sawa, alichungulia mlangoni akataka kuuliza, akauona uso wake, akarudi zake. Mastura alikuwa na hasira, na ndani ya hasira alikuwa na hofu. Mashine ikiondoka, yeye haondoki nayo. Atabaki Malindi kupokea simu na kufunga bahasha, na wale wajomba waliosema tangu zamani kwamba msichana hapelekwi Nairobi kusomea vyuma watapata la kusema mpaka wazikwe. Lakini kilichomuuma zaidi ni lile neno kwamba imechoka. Alikuwa akiijua ile mashine. Haikuwa imechoka.

Siku ile ile akaandika programu. Haikuwa ndefu. Iliiagiza mashine ipige hesabu moja nzito, hesabu ile ile kila mara, na Unix yenyewe iupime muda uliotumika. Kila baada ya robo saa mashine ilitakiwa iache mengine, iifanye hesabu hiyo, na kuandika kwenye skrini: saa hizi, sekunde kadhaa. Kama prosesa imechoka, sekunde zitaongezeka kadiri siku inavyosonga, kwa sababu mtu aliyechoka hutembea polepole kabla ya kuanguka. Kwa upande wa joto alihitaji kipimajoto, na Kitsao alikuwa nacho kimoja kirefu cha kioo alichopewa na mradi kwa ajili ya kupimia maji ya visima. Mastura akakitundika ukutani.

"Dada, na hicho cha ukutani utakirudisha?" Kitsao aliuliza.

"Nikishindwa, utakichukua pamoja na kiti changu."

Sekunde tisa. Asubuhi ya Jumanne hesabu ilichukua sekunde tisa. Saa sita, tisa. Saa nane kasorobo, tisa. Kisha skrini ikaganda. Jumatano vivyo hivyo: tisa, tisa, tisa, kisha kimya. Mastura alizitazama zile tisa, akacheka peke yake mpaka Bwana Stambuli akaingia kweli safari hii. Mashine haikuwa ikizembea hata chembe. Ilikuwa ikianguka huku inakimbia.

"Hiyo ni habari njema?" Bwana Stambuli aliuliza.

"Nusu. Prosesa ni nzima. Sasa limebaki joto."

Na hapo kwenye joto ndipo mambo yalipomkoroga. Alhamisi ilinyesha mvua kubwa, pangaboi lilizimwa kwa sababu watu walisikia baridi, kipimajoto ukutani kikashuka mpaka watu wakavaa sweta, na mashine ikaanguka saa nane kama kawaida yake. Ijumaa jua likarudi na hasira zote, kunguru wakakaa juu ya ukuta wa soko midomo wazi, kipimajoto kikapanda, na mashine ikafanya kazi mpaka ofisi ikafungwa. Mastura alirudi nyumbani ameshika kichwa. Kukiwa na baridi inaanguka, kukiwa na joto haianguki, hiyo ni akili ya wapi?

"Ijumaa nayo inaswali," Bwana Stambuli alikuwa amemwambia walipokuwa wakifunga ofisi.

Sasa lazima tumlete Bi Shekha, maana bila yeye habari hii haiendi mbele. Bi Shekha alikuwa shangazi yake Mastura na ndiye aliyemlea. Wajomba walipokuja kuizuia safari ya Nairobi, aliweka kiti mlangoni, akakaa, akawaambia atakayetaka kumzuia msichana apite juu yake, na kwa jinsi Bi Shekha alivyojaaliwa mwili hakuna aliyejaribu. Kompyuta ilipofika Malindi alikwenda kuiona, akaizunguka, akatoka hakuridhika.

"Mashallah, ni nzuri," alisema. "Lakini mbona mmeiacha uchi?"

Msomaji wa pwani atamwelewa. Katika nyumba za mji ule hakuna kitu cha thamani kilichokaa uchi. Redio ilikuwa na kitambaa chake, friji na kitambaa chake, televisheni kwa waliokuwa nayo ilivishwa kama bibi harusi na kufunuliwa taarifa ya habari ikianza. Hata simu ilikaa juu ya kimoja na kufunikwa kingine. Bi Shekha alishika sindano yake, akafuma kwa muda wa mwaka mzima kitambaa cheupe chenye maua pembeni, kikubwa cha kulifunika sanduku lote juu, pande mbili na mgongo mpaka chini. Na kwa kuwa vumbi la barabara ya soko halina adabu, akakitia bitana ya atlasi ya kijani, nzito, isiyopitisha kitu. Macho yake hayakuwa mazuri tena, na ile kazi ilimtoa machozi kwelikweli. Mastura alikipenda. Chuoni Nairobi walifundishwa kwamba vumbi ndilo adui, na mashine za chuoni zilifunikwa kila jioni baada ya kuzimwa. Hii ya Malindi haikuzimwa, kwa sababu usiku nao ilikuwa na kazi, lakini tofauti hiyo haikumpitia mtu yeyote akilini. Kitambaa kikavikwa, juu yake pakawekwa maua ya plastiki, na wageni waliofika ofisini walikisifu kabla hawajaiuliza mashine inafanya nini. Kila Alhamisi jioni Bi Shekha alikichukua akakifue, na Jumamosi asubuhi akakirudisha kimepigwa pasi.

Jumamosi ile alikirudisha, akakivika, akayapanga maua, akaenda zake sokoni. Mastura alibaki ameketi mbele ya skrini. Alikitazama kipimajoto ukutani, na ghafla akajiona mpumbavu. Siku zote zile alikuwa akipima joto la Malindi. Joto la mashine hakuwa amelipima hata mara moja.

Akakishusha kipimajoto, akakiinua kitambaa kwa nyuma, akakichomeka kipimajoto pale kwenye matundu feni ya sanduku inapotolea hewa, akakishusha kitambaa. Akasubiri. Sekunde tisa, skrini ilisema. Sekunde tisa. Alipokifunua tena, hewa iliyompiga usoni ilikuwa kama ya mtu aliyefunua chungu cha wali, miwani yake ikafanya ukungu. Alipoifuta na kusoma, kipimajoto kilikuwa kimepita hamsini na bado kinapanda.

Mambo yote yakajipanga mbele yake kwa mkupuo. Ijumaa mashine haianguki kwa sababu Ijumaa kitambaa kiko kwenye kamba ya Bi Shekha. Alhamisi ya mvua ilianguka kwa sababu mvua ilikuwa nje na yenyewe ilikuwa ndani ya atlasi, ikipiga hesabu zake nzito za mchana. Na Musyoka! Musyoka kila alipokuja kitu cha kwanza alikivua kile kitambaa kwa heshima zote, akakikunja vizuri, akakiweka mezani, akaipima mashine siku nzima ikiwa uchi na yenye afya, akala biriani ya Bi Shekha, akapanda basi. Basi halijafika Gede, kitambaa kimerudi mahali pake. Mastura alipiga kelele ya furaha, akarukaruka, akajigonga goti kwenye meza, akaendelea kurukaruka.

Kisha akasimama na kile kitambaa mkononi, na furaha ikapungua. Ilibidi mtu akamwambie Bi Shekha.

Jioni ile alirudi nacho nyumbani, akajaribu. Alimkuta shangazi yake ameketi kwenye mkeka karibu na taa, uzi mapajani, miwani imeshuka puani.

"Shangazi."

"Naam, mwanangu. Nimesikia wanaichukua Jumatatu. Nimeamua kile kitambaa nitakifua tena, nikitie udi. Ikienda Nairobi iende imevaa, wasije wakasema ilikaa kwa watu wasiojua kutunza kitu."

Mastura, ambaye ulimi wake haukuwahi kumshinda mbele ya meneja wala mjomba, aliomba tu maji ya kunywa. Jumapili alijaribu tena, akaishia kumsaidia kukunja uzi. Alijichukia siku nzima.

Jumatatu Musyoka akafika na pikapu, kamba na magunia ya kulazia mashine, na dereva aliyetaka kuwa Mombasa kabla ya giza. Kitsao alikuwepo, akisubiri ratiba ya pampu ambayo hakuitumainia tena. Bwana Stambuli alikuwa amevaa koti, kama aendaye kuzika. Na Bi Shekha akaingia na buibui lake, mkono mmoja sufuria ya biriani, mkono wa pili kitambaa kinachonukia udi mpaka barabarani.

"Shikamoo, mama," Musyoka alisema.

"Marahaba. Utakula kwanza, mwizi wee, halafu utatuibia mashine yetu."

Mastura alimvuta Musyoka mbele ya skrini. "Bwana Musyoka, nipe mpaka alasiri. Alasiri ikiikuta imeanguka, nitakusaidia kuibeba kwa mikono yangu." Kisha akamwonyesha zile tisa. Musyoka alikunja uso. Hakuwa mtu wa kukubali kwa sababu ameambiwa, na hilo ndilo jambo jema alilomfundisha Mastura. Alikaa mwenyewe, akaisoma programu mstari kwa mstari, akabadilisha hesabu akaweka yake nzito zaidi, akaiendesha mara kwa mara. Muda haukubadilika.

"Kasi haipungui," alisema polepole. "Hapo wakubwa wamekosea. Lakini joto, Mastura? Saa nane hapa ni tanuri."

"Tusubiri saa nane. Na kwanza, shangazi, ivike."

Bi Shekha aliivika kwa mikono yake, akainyoosha atlasi pande zote, akarudi nyuma akaitazama. Mastura akakichomeka kipimajoto nyuma, chini ya kitambaa, ili Musyoka naye aje ajisomee. Wakala. Dereva alikula mara mbili. Adhuhuri ikapita, na kila robo saa mashine iliandika muda wake bila kuyumba, mpaka, hata saa nane haijafika, maana safari hii hesabu ilikuwa nzito zaidi, skrini ikaganda, herufi zikakodoa macho.

"Si nilisema?" Musyoka alisimama kwa huzuni. Dereva akaanza kufungua kamba. Bwana Stambuli akavua kofia yake. Bi Shekha alijifuta macho kwa upindo wa buibui, na alipokuwa akijifuta Mastura akaona kwamba saa ya kunyamaza imekwisha. Angeweza kukivua kile kitambaa kwa hila na kuisingizia feni, lakini kesho kingerudi, na kesho kutwa, na mashine ingekwenda Nairobi kwa ajili ya aibu yake yeye.

"Shangazi," alisema, "weka mkono wako hapa nyuma."

"Mimi nijue nini mambo ya—"

"Weka tu."

Bi Shekha aliinama, akaingiza mkono chini ya atlasi, akautoa haraka. "Subhanallah! Inapumua moto!"

"Hiyo feni kazi yake ni kuitoa pumzi ya mashine. Kitambaa kinaizuia. Pumzi inarudi ndani, inazidi kupata moto, mpaka mashine inazirai. Tangu siku tulipoivika, shangazi. Ni kitambaa." Akakichomoa kipimajoto, akamnyooshea Musyoka. Musyoka alisoma, akatoa macho: hamsini na sita.

Kitsao aliyatazama maua ya plastiki kama mtu anayeyaona mara ya kwanza. Bi Shekha alisimama, mikono kiunoni.

"Umelijua hili tangu lini?"

"Jumamosi."

"Tangu Jumamosi! Mimi jana nimekaa juani nikifua, nikapiga pasi mpaka mkono umekufa, nikateketeza udi wangu wa Maka, na wewe unanitazama tu?"

"Nilikuogopa, shangazi. Nilijua macho yako yalivyokuuma ukikifuma."

"Uliniogopa miye, hukuogopa kuikosa mashine?" Bi Shekha alikishika kitambaa pembe mbili, akakivuta kwa mkupuo mmoja, maua ya plastiki yakaruka mpaka kwa dereva. "Una wazimu wewe! Niliyakalia mlango yale mafahali ya wajomba zako ili usome, leo nishindwe kukivua kitambaa? Iwashe! Iwashe tuione!"

Mastura akaiwasha. Diski zikajikagua, taa zikapepesa, na Unix ikamwomba jina lake. Akakirudisha kipimajoto mahali pale pale, sasa pakiwa wazi, na akaitwisha mashine kila kazi aliyokuwa nayo: vipimo vya visima vyote, ratiba zote zilizokuwa zimekwama, na juu yake ile hesabu nzito ya Musyoka. "Haya," aliiambia, "jionyeshe."

Saa nane ikaja, na ndiyo saa mbaya kuliko zote Malindi. Mabati ya soko yalikuwa yanalia kwa jua. Bwana Stambuli akavua koti. Musyoka alipiga magoti nyuma ya sanduku akawa anasoma kipimajoto kwa sauti, kama mwuguzi: thelathini na saba. Thelathini na nane. Thelathini na nane. Mbele, Mastura alisoma muda wa hesabu, na muda haukusogea. Saa nane ikapita. Dereva alisahau Mombasa, akaleta kiti. Kitsao alikuwa amesimama karibu na printa, kofia mkononi, na printa ilipoanza kupiga kelele alishtuka, kisha akaanza kucheka. Karatasi ikatoka, ikaendelea kutoka, ikakunjika sakafuni.

"Kakuyuni!" alisema. "Pampu ya pili, leo jioni! Tunakunywa maji, jamani!"

"Ngoja alasiri," Musyoka alisema, lakini na yeye alikuwa anatabasamu. Muadhini akaadhini alasiri. Thelathini na nane. Muda ule ule. Musyoka akainuka, magoti yake meupe kwa vumbi, akajipiga kipaji cha uso. "Mimi! Mimi ndiye nilikuwa ninakivua kila nikija. Ninaitibu siku nzima bila kujua, halafu ninaenda nyumbani ninasema haina ugonjwa." Akacheka mpaka akashika ukuta, na Mastura akacheka naye, na machozi yakamtoka na wala hakuyaficha. Alikuwa na furaha ambayo hakujua aiweke wapi.

Musyoka akaiendea simu. Alizungusha namba za Nairobi, akasubiri, akajinyoosha kama askari.

"Mkubwa, ni Musyoka, niko Malindi. Hapana, sijapakia. Mashine haiji." Sauti upande wa pili ikapanda mpaka wote wakaisikia ikinguruma ndani ya kile kipokezi. Musyoka alisikiliza, akakitazama kipokezi, kisha akakinyoosha kwa Mastura. "Anauliza nani amesema haiji. Mwambie wewe. Kazi ni yako."

Mastura alikipokea. Alivua miwani, akaivaa tena.

"Mimi ni Mastura, wa kompyuta," alisema, na kila neno lilitoka limesimama. "Prosesa ni nzima. Kasi yake nimeipima wiki nzima na haijapungua hata sekunde moja. Joto lake saa hizi ni thelathini na nane, kazi zote za visima zinaendeshwa kwa pamoja, na nje ni mchana wa Malindi. Ilikuwa imezibwa hewa, tumeizibua. Haiondoki hapa, mzee. Ukitaka kuiona, karibu wewe uje."

Hapo Bi Shekha, ambaye alikuwa amejizuia kadiri alivyoweza, akashindwa. Akatupa kichwa nyuma akapiga kigelegele kirefu kilichojaza ofisi na kutoka dirishani, na kutoka sokoni wanawake wasiojua hata kuna nini wakakipokea, mmoja baada ya mwingine, mpaka mtaa mzima ukawa unapiga vigelegele.

"Na hiyo kelele ni nini?" mkubwa aliuliza kwa mashaka kutoka Nairobi.

"Hiyo ni shangazi yangu," Mastura alisema, "na Malindi."